Barua Inarudi na Neno "Sender verify failed": Mwongozo Kamili wa Kutafuta Kasoro na Kuirekebisha

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wanaoendesha seva ya barua pepe katika ofisi ndogo za Tanga: mawakala wa forodha wanaosubiri hati za mizigo bandarini, shule, vyama vya akiba na mikopo, na mafundi wa kompyuta wanaopigiwa simu pale barua muhimu inaporudi kwa mtumaji. Karibu kila anayeleta tatizo hili huwa ameshabadilisha rekodi ya SPF, wakati mwingine zaidi ya mara moja, na barua bado zinakataliwa.

Hashindwi kwa uzembe. SPF hujibu swali jingine: je, anwani ya IP iliyoleta barua imeruhusiwa na mwenye kikoa? Uhakiki tunaoushughulikia hapa huuliza kama anwani iliyojitaja kuwa mtumaji inaweza yenyewe kupokea barua. Seva ya mpokeaji husitisha mazungumzo kwa muda mfupi, hutafuta rekodi ya MX ya kikoa chako (inayotaja seva inayopokea barua zake), hubisha hodi kwenye seva yako na kuuliza kama huyo anayetajwa yupo. Haitumi barua yoyote; ikishajibiwa, huondoka. Ikiambiwa hayupo, au isipofunguliwa mlango, barua yako haipokelewi.

Kwa hiyo kazi yote iliyo mbele yetu ni kuhakikisha kwamba kila anwani inayotuma inaweza pia kupokea.

## Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Ruhusa ya msimamizi mkuu kwenye seva inayotuma barua.
- Nywila ya mahali rekodi za DNS (daftari la majina na anwani za intaneti) za kikoa zinapohaririwa. Si lazima pawe ndipo kikoa kiliposajiliwa, kwa hiyo hakikisha kwanza.
- Kompyuta au seva ya pili iliyo nje kabisa ya mtandao wa ofisi, inayoruhusiwa kutoka kupitia porti ya 25. Modemu ya laini ya simu mara nyingi haifai, na hata baadhi ya seva za kukodi huzuiwa porti hiyo.
- Programu za dig (ya kuuliza DNS) na nc (ya kuunganisha na porti). Kwenye Debian na Ubuntu dig imo katika kifurushi cha bind9-dnsutils. Kwenye jamii ya Red Hat imo katika bind-utils.
- Barua ya kukataliwa ikiwa nzima, kwa maandishi. Picha ya skrini iliyokatwa katikati haitoshi, kwa sababu mistari ya mwisho ndiyo yenye maelezo.

Zingatia pia saa. Kumbukumbu za seva nyingi huandikwa kwa UTC, na saa za Afrika Mashariki ziko mbele kwa saa 3. Mteja akisema kwa simu kwamba barua ilirudi saa nane mchana, kwenye seva ya UTC utaitafuta saa 11:00, wala si 08:00 wala 14:00. Jambo dogo, lakini limewapeleka watu kwenye mistari isiyohusika kabisa.

Katika mifano yote kikoa chetu kitakuwa mkonge.example, seva ya barua itakuwa mail.mkonge.example na anwani yake 198.51.100.25. Majina na namba hizi zimetengwa kwa ajili ya mifano tu. Weka za kwako.

## Hatua ya 1: Soma kosa hadi mwisho

Tazama kwanza tarakimu ya kwanza. Kosa linaloanza na 4 ni la muda, na seva yako itajaribu tena yenyewe; linaloanza na 5 ni la kudumu, na barua hurudishwa. Kisha linganisha maneno na haya:

"Sender address rejected: Domain not found" maana yake seva ya mpokeaji haikupata rekodi ya MX wala ya A (inayotaja anwani ya IP) ya kikoa kilichotajwa. Haikufika hata kubisha hodi. Nenda hatua ya 2 na ya 3.

"Sender verify failed" au "Verification failed for" ni lugha ya Exim, na maneno "Sender address rejected: undeliverable address" ni ya Postfix; hizo ni programu mbili za seva ya barua. Mara nyingi hufuatwa na jibu lililotolewa na seva yako mwenyewe, na hilo ndilo la kulisoma kwa makini.

"Callback setup failed while verifying" huonyesha kwamba seva yako ilikataa mazungumzo mapema, kabla ya kuulizwa habari za anwani.

"Could not complete sender verify callout" huja na namba 451, na humaanisha kwamba uhakiki haukukamilika. Aghalabu hapakuwa na aliyejibu.

Ukikuta 5.7.26, au maneno SPF, DKIM au DMARC, hilo ni tatizo jingine, na hatua za hapa hazitalitatua. Vivyo hivyo "cannot find your hostname" huhusu rekodi ya kinyume ya IP, ambayo kwa kawaida huwekwa na mtoa huduma ya intaneti anayemiliki namba hiyo, si na aliyekuuzia kikoa.

Umefaulu hatua hii ukiweza kusema kwa sentensi moja nani alikataa, alikataa anwani ipi, na kwa namba gani.

## Hatua ya 2: Tafuta anwani iliyo kwenye bahasha

Hapa ndipo wengi hupotea. Barua pepe ina anwani mbili za mtumaji: ile anayoiona msomaji juu ya barua, na ile seva zinayopeana kwa amri ya MAIL FROM, ambayo mafundi huiita anwani ya bahasha. Kwa kawaida inayohakikiwa ni ya bahasha. Unaweza kuona juu ya barua "Ofisi ya Mapokezi, mapokezi@mkonge.example", na bahasha ikawa imeandikwa www-data@seva1.local, jina ambalo halipo popote kwenye intaneti.

Kwenye Postfix, tafuta namba ya foleni ya barua hiyo, kisha soma mstari wa qmgr (msimamizi wa foleni) wenye neno from=:

    grep 'status=bounced' /var/log/mail.log
    grep NAMBA_YA_FOLENI /var/log/mail.log

Matoleo mapya ya Debian huenda yasiwe na faili hilo. Tumia `journalctl -t postfix/smtp` na `journalctl -t postfix/qmgr`. Kwenye Exim, anwani ya bahasha ndiyo inayofuata alama ya `<=`:

    exigrep anwani-ya-mpokeaji /var/log/exim4/mainlog

Barua za kawaida zinazotumwa na watu kwa Outlook au Thunderbird mara nyingi huwa na bahasha sahihi. Wakosaji wakubwa ni fomu za tovuti, mifumo ya ankara, mashine za kunakili zinazotuma hati zilizoskaniwa, na kazi za cron (zinazojiendesha kwa ratiba). Hizi hutuma kwa jina la mtumiaji wa mfumo.

Tiba bora ni kuufanya mfumo husika utume kwa SMTP ukitumia kisanduku halisi na nywila yake. Ikiwa haiwezekani, kwa PHP weka mstari huu kwenye php.ini:

    sendmail_path = "/usr/sbin/sendmail -t -i -f ripoti@mkonge.example"

Kwenye Postfix unaweza kubadilisha anwani zote za ndani wakati barua inatoka nje. Ongeza kwenye main.cf:

    smtp_generic_maps = hash:/etc/postfix/generic

Na kwenye faili la generic:

    www-data@seva1.local    ripoti@mkonge.example
    root@seva1.local        fundi@mkonge.example

Kisha endesha `postmap /etc/postfix/generic` na `postfix reload`. Kama mfumo wako hautambui hash, amri ya `postconf -m` itakuonyesha aina zinazokubalika. Kwa Exim ya Debian, faili la /etc/email-addresses hufanya kazi inayofanana na hiyo.

Onyo: usichague anwani kama hapana-jibu@ bila kuiunda. Kuandika jina hakutengenezi kisanduku, na anwani ya kutuma tu isiyopokea chochote ndiyo hasa uhakiki huu unaikamata.

Umefaulu ukituma barua ya majaribio na kuona, kwenye mstari wa Return-Path upande wa mpokeaji, anwani ya kikoa chako halisi.

## Hatua ya 3: Kagua DNS kwa macho ya mtu wa nje

    dig +short MX mkonge.example @1.1.1.1
    dig +short A mail.mkonge.example @1.1.1.1
    dig +short AAAA mail.mkonge.example @1.1.1.1

Alama ya @ inakulazimisha kumuuliza mtu wa nje badala ya ruta ya ofisi, ambayo huenda ina majibu yake ya ndani.

Tafuta makosa haya. MX inayoelekea kwenye namba ya IP badala ya jina haikubaliki. MX inayoelekea kwenye rekodi ya CNAME (jina linaloelekeza kwenye jina jingine) nayo imekatazwa, ingawa baadhi ya seva huivumilia, na uvumilivu huo ndio unaofanya barua zifike kwa mmoja na kukataliwa na mwingine. Ukiona `mail.mkonge.example.mkonge.example`, nukta ya mwisho ilisahauliwa kwenye faili la kikoa. Jina likileta 192.168 au 10 mwanzoni, umetangaza anwani ya ndani ya ofisi kwa dunia nzima, na hakuna wa nje atakayeifikia. MX yenye nukta peke yake ni tangazo rasmi kwamba kikoa hakipokei barua kabisa.

Rekodi ya AAAA, inayotaja anwani ya IPv6, inastahili tahadhari. Ikiwa ipo lakini seva yako haisikilizi IPv6, anayehakiki atapoteza muda akiijaribu kwanza, na muda wake wa kusubiri unaweza kwisha. Sikiliza IPv6 ipasavyo au ondoa rekodi hiyo.

Umefaulu ukipata jina moja au zaidi la MX, na kila jina likaleta anwani ya umma ambayo kweli ni ya seva yako.

## Hatua ya 4: Bisha hodi mwenyewe

Sasa fanya kile ambacho seva ya mpokeaji hufanya. Ni lazima uwe nje ya ofisi: ukijaribu kutoka ndani, ruta inaweza kukupitisha njia isiyo ya kweli, na jibu lolote utakalopata halitakusaidia.

    nc -v mail.mkonge.example 25
    EHLO jaribio.example
    MAIL FROM:<>
    RCPT TO:<ripoti@mkonge.example>
    QUIT

Tumia jina halisi la kompyuta unayotumia mahali pa jaribio.example. Subiri jibu baada ya kila mstari kabla ya kuandika unaofuata. Mabano matupu ya MAIL FROM ni ya makusudi: Exim huhakiki kwa mtumaji mtupu, na ni mtumaji huyohuyo anayetumika kwa taarifa za barua zilizoshindwa kufika. Postfix, kwa chaguo lake la awali, hutumia anwani inayoanza na double-bounce@, kwa hiyo jaribu na hiyo pia.

Jibu la 250 baada ya RCPT ndilo tunalolitaka. Ukilipata, hatua ya 5 haikuhusu. Ruka hadi ya 6.

## Hatua ya 5: Rekebisha kulingana na jibu ulilopata

550 baada ya RCPT: anwani haipo. Unda kisanduku au lakabu (jina linaloelekeza kwenye kisanduku kingine). Kwenye /etc/aliases andika `ripoti: fundi` kisha endesha `newaliases`; lakini kama kikoa ni cha aina ya virtual kwenye Postfix, lakabu iende kwenye faili linalotajwa na virtual_alias_maps. Inawezekana kuelekeza barua zote zinazoingia kwenye /dev/null (shimo linalomeza kila kitu), na uhakiki utapita, lakini nisingeshauri hivyo: majibu ya wateja na taarifa za barua zilizoshindwa huingia huko, na ofisi haitajua kamwe. Wakati huohuo hakikisha anwani ya postmaster@ ipo, kwani kiwango cha RFC 5321 kinaitaka na baadhi ya seva huihakiki pamoja na ile ya mtumaji.

Kukataliwa kwenye MAIL FROM:<>. Mtu aliwahi kuzuia mtumaji mtupu akidhani anapambana na barua taka. Ondoa kizuizi hicho. Kiwango kinataka mtumaji mtupu akubaliwe, na ukimzuia hutapata hata taarifa kwamba barua zako hazikufika.

554 mara tu unapounganishwa. Seva yako inamkataa anayebisha kabla hajasema neno, mara nyingi kwa sababu ya orodha ya kuzuia IP. Pitia mistari ya reject_rbl_client, na uulize kama orodha unazotumia bado zinaendeshwa. Orodha iliyofungwa wakati mwingine huanza kumkataa kila mtu.

450 au 451. Aghalabu ni utaratibu wa kuahirisha wageni ili warudi baadaye, ambao hupunguza barua taka lakini huchelewesha uhakiki pia. Seva mbili zikiahirishana, barua moja inaweza kukaa foleni kwa muda mrefu. Panga uahirishaji usimguse mtumaji mtupu, au uache kabisa ikiwa ofisi yako hutegemea barua za haraka.

Hakuna jibu lolote. Hapa chunguza kwa utaratibu. Je, seva inasikiliza kwa nje? Amri ya `ss -ltn` inapaswa kuonyesha porti ya 25 kwenye 0.0.0.0 au kwenye anwani ya seva, si kwenye 127.0.0.1 peke yake. Kwenye Postfix kosa hilo hutokana na inet_interfaces. Je, ruta inapeleka porti ya 25 kwa seva sahihi, hasa baada ya kubadilishwa kifaa? Je, fayawoli au fail2ban imemfungia anayehakiki? Vyote vikiwa sawa, muulize mtoa huduma kwa maandishi kama anazuia porti ya 25 inayoingia, na umwombe aifungue kwa anwani yako ya kudumu.

Kwa ofisi za hapa kuna sababu nyingine ambayo vitabu vya nje haviipi nafasi: umeme. Barua iliyokuwa foleni kwenye huduma ya kupitishia inaweza kufika kwa mpokeaji wakati seva yako ya Ngamiani au Chumbageni imezimika, na hodi ikakosa wa kuitika. Wengi hununua betri ya UPS kwa ajili ya seva na kusahau ruta pamoja na kile kisanduku cha faiba kilichobandikwa ukutani. Vyote vitatu viwe kwenye betri moja. Ukiweka MX ya akiba mahali pengine, ipe orodha ya anwani zilizopo, la sivyo itapokea barua za watu wasiokuwepo na kukuongezea kazi.

Baada ya kila rekebisho, rudia hatua ya 4. Rekebisha jambo moja, jaribu, ndipo uende kwenye jingine; ukibadilisha matatu kwa mpigo hutajua lipi lilikuwa tiba.

## Hatua ya 6: Tovuti huku, barua kule

Mpangilio huu umeenea: tovuti iko kwenye seva ya kukodi yenye cPanel, barua ziko kwenye seva ya ofisi au kwa mtoa huduma mwingine. Seva ya tovuti huenda bado inaamini kwamba kikoa ni chake. Fomu ya mawasiliano inapotuma kama ripoti@mkonge.example, seva hiyo haitazami MX. Hutafuta ndani mwake, haikuti kisanduku, na kujibu "No Such User Here". Jaribio la hatua ya 4 litapita vizuri, na kosa litabaki palepale.

Kwenye cPanel fungua Email Routing na uchague kwamba barua za kikoa ziko mbali. Mwenye ruhusa kuu athibitishe kwamba kikoa kimo kwenye /etc/remotedomains na kimeondoka kwenye /etc/localdomains. Kwenye Postfix angalia `postconf mydestination virtual_mailbox_domains`. Kikoa kinachohifadhiwa kwingine hakipaswi kuwemo.

Umefaulu ikiwa barua kutoka kwenye fomu inafika kwenye kisanduku cha ofisi, na kumbukumbu za seva ya tovuti zinaonyesha ilipitia MX.

## Hatua ya 7: Ikiwa wewe ndiye unayewakataa wengine

Wakati mwingine ofisi hulalamika kwamba barua za wakala wa meli au za benki haziingii, na anayezikataa ni seva yao wenyewe. Kwa maoni yangu ofisi ndogo haihitaji kubisha hodi kwa kila mtumaji. Barua taka nyingi hubeba anwani za kughushi, kwa hiyo seva yako itakuwa ikiwasumbua watu wasiohusika, na inaweza kuingizwa kwenye orodha za kuzuia.

Kuhakiki kikoa tu kunatosha: `reject_unknown_sender_domain` kwenye Postfix, au `require verify = sender` kwenye Exim. Ukisisitiza kubisha hodi, walau usimwadhibu mtumaji ambaye seva yake haikujibu:

    require verify = sender/callout=20s,defer_ok

Kwenye Postfix ukitaka kumsamehe mtumaji fulani kwa check_sender_access, weka sharti hilo kwenye smtpd_sender_restrictions. Neno OK likitangulia reject_unauth_destination katika smtpd_recipient_restrictions, hasa kwenye matoleo ya kabla ya 2.10, unaweza kuigeuza seva yako kuwa njia ya kupitishia barua taka za dunia nzima.

## Hatua ya 8: Subiri kabla ya kuhukumu

Wapo waliopata tiba sahihi kisha wakaitengua, kwa sababu barua iliyotumwa mara baada ya marekebisho ilikataliwa tena. Seva hukumbuka majibu. Kwa mipangilio ya awali Exim hushikilia jibu baya la anwani kwa saa 2 na la kikoa kwa saa 3. Postfix hushikilia jibu baya hadi siku 3, ingawa baada ya saa 3 huwa tayari kuuliza upya. DNS nayo ina muda wake: rekodi yenye TTL (sekunde za kukumbukwa) ya 3600 inaweza kuendelea kuonekana ya zamani kwa saa nzima, kwa hiyo ishushe hadi 300 siku moja kabla ya mabadiliko yaliyopangwa.

Jaribu kwanza kwa mpokeaji ambaye hajawahi kukukataa, ndipo umrudie yule wa awali. Tuma kutoka kwenye kompyuta ya mfanyakazi, kwenye simu, kwenye fomu ya tovuti na kwenye mashine ya kunakili, kwa sababu kila njia inaweza kuwa na bahasha yake.

Siku 3 zikipita na hatua ya 4 inajibu 250 huku mpokeaji mmoja akiendelea kukataa, andika kwa postmaster@ wa kikoa chake ukitumia anwani ya kikoa kingine, kwani ya kwako haitampata. Ambatisha mistari ya kukataliwa ikiwa na saa kwa UTC, IP ya seva yako, na mazungumzo yote ya nc kuanzia EHLO hadi QUIT, kisha mwombe afute jibu la zamani linaloshikiliwa kwenye seva yake.